Mali Bila Daftari

Hotuba juu ya kuhesabu mali zetu na kupima hatari ya mafuriko, iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeombwa nieleze jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiliuliza tangu masika ya mwaka 2024: je, chama cha kusaidiana kama hiki chetu, ambacho kazi yake imezoeleka kuwa kuzika, kuuguza na kuwalipia watoto karo, kina shughuli gani katika habari ya mafuriko? Jibu langu ni fupi, nami nitalitoa mapema ili msikae mkilingoja. Kazi ya chama ni kuandika. Tuandike tulivyo navyo, tuandike maji hufika wapi, tuandike ni nani hataweza kujiokoa peke yake. Tena tuyaandike hayo kabla ya mvua, kwa mikono yetu wenyewe, na tujue ni nani atakayeyatunza maandishi hayo. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tuliyoyaona katika miaka hii yatufundisha kwamba watu nao, wasipokuwa katika daftari lolote, huweza kupotea bila habari.

Mto mmoja, nyumba mbili

Sisi tuliomo katika ukumbi huu tuna nyumba mbili. Iko nyumba ya kupanga hapa Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na mitaa mingine ya mashariki ya Nairobi. Na iko nyumba ya asili huko Pwani, penye makaburi ya wazee wetu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi maji yakiingia huku twaumia, na yakiingia kule twaumia pia, kwa kuwa simu ya taabu hupigwa Nairobi kwanza.

Wengi hudhani mafuriko ya huku na ya kule ni mambo mawili mbalimbali. Tazameni njia ya maji. Mto Nairobi hupita kando ya Gikomba na Shauri Moyo. Mto Mathare hushuka katikati ya bonde lenye jina hilo. Mto Ngong hupita Mukuru. Mito hii mitatu huelekea mashariki, hukutana, na huingia katika Mto Athi. Athi nao huenda hadi nyika ya Tsavo, na huko huitwa Galana. Ukikaribia bahari huitwa Sabaki, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi, upande wa Mambrui. Kwa hiyo mvua iliyoanguka juu ya mabati ya Kaloleni yaweza kupita mbele ya shamba la ndugu yako wa Magarini. Mto Tana una asili yake nyingine, katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, nao hupita katika mabwawa ya Masinga na mengineyo, ukafika Garissa, Hola na Garsen, hata ukaingia baharini karibu na Kipini.

Jambo jingine la kukumbuka ni ardhi tunayoikalia. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 palikuwa nyika yenye maji na matope, na jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai ya maji baridi. Mji ulipogawanywa wakati wa ukoloni, Wazungu walichukua upande wa magharibi, kwenye miinuko na udongo mwekundu unaonywa maji. Mitaa ya Waafrika iliwekwa upande wa mashariki, penye tambarare na udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo ukilowa huvimba na kuziba, na maji hukaa juu yake. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba mafuriko ya mitaa yetu ni matokeo ya uchafu wa wapangaji tu. Uchafu mtaroni una hatia yake, lakini mtaa wenyewe ulipangwa mahali pa maji.

Tuliyoyaona

Wazee wetu wanayakumbuka mafuriko ya mwaka 1961, wakati barabara na reli zilipokatika. Wengi zaidi wanazikumbuka mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Mwaka 2018 Tana ilifurika tena, ikawahamisha maelfu kwa maelfu. Mwezi wa Novemba 2023, mvua za vuli zilipozidi, daraja la Mbogolo katika barabara ya Mombasa na Malindi lilibomolewa na maji, na safari zikakatika. Kisha ikaja masika ya mwaka 2024. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, Mto Mathare ulipanda ghafla watu wakiwa wamelala. Siku nne baadaye, mashua iliyokuwa ikivusha abiria juu ya barabara iliyofunikwa na maji ilipinduka karibu na Madogo, ng'ambo ya Garissa. Hata masika hayo yakaisha, watu zaidi ya 200 walikuwa wamekufa katika nchi nzima.

Baada ya maji yakaja matingatinga. Serikali iliamuru watu wote waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito waondoke, na nyumba nyingi za Mathare na Mukuru zikabomolewa mwezi wa Mei. Kila kaya iliyoathirika iliahidiwa shilingi 10,000. Nataka mlifikiri jambo hili kwa makini. Siku ile ya kutaja kaya zilizoathirika, ni nani aliyekuwa na orodha ya kweli? Aliyejua kwamba katika chumba fulani alikaa mama mjane na wajukuu watatu ni jirani yake, si ofisi. Na jirani naye alikuwa amekimbia.

Hatari ni nini

Watu husema, hatari ni maji. Si kweli kabisa. Maji ni sehemu moja tu ya hatari. Sehemu ya pili ni mahali ulipo, na sehemu ya tatu ni uwezo wako wa kuondoka, kustahimili na kuinuka tena.

Chukueni mfano wa nyumba mbili zilizo ukingoni, kila moja hatua ishirini kutoka mtoni. Katika nyumba ya kwanza yumo kijana fundi wa viatu, mwenye afya, mwenye simu, na dada yake yuko Jericho. Katika nyumba ya pili yumo mzee asiyeona vizuri, anayelala mapema, ambaye mlango wake hufungwa kwa nje na mjukuu afanyaye kazi ya usiku. Mpimaji akija na kamba yake ataandika nyumba hizo mbili kwa wino mmoja, kwa kuwa umbali ni mmoja. Bali sisi twajua kwamba hazilingani hata kidogo. Kijana atapoteza ngozi na nyundo zake. Mzee huenda akapoteza maisha. Tofauti hiyo haionekani kutoka angani kwa setilaiti. Huonekana na mtu aliyepeleka uji katika chumba kile. Ndiyo sababu nasema chama cha kusaidiana kina kazi ambayo hakuna ofisi iwezayo kuifanya badala yake.

Mito nayo hailingani. Mto Mathare hauna subira: mvua kubwa ikinyesha juu ya mji, maji huweza kufika kwetu kwa muda wa saa chache tu, tena usiku. Tana hutoa nafasi. Bwawa la Masinga likijaa na kuanza kumwaga maji, habari hutangazwa, na maji huchukua siku kadhaa kabla ya kufika kwenye vijiji vya chini. Siku hizo ni mali. Mwenye kuzitumia vizuri huvusha mbuzi, mbegu, vitabu vya shule na wagonjwa. Asiyepata habari huamka ndani ya maji kama mtu wa Mathare.

Tuanze na tulivyo navyo

Desturi ya vikao vingi ni kuanza na orodha ya tunavyokosa. Hiyo ni orodha rahisi, tena huisha kwa barua ya maombi na kungoja. Mimi naomba tuanze upande wa pili. Kila mtaa uandike kwanza mali zake.

Mali ni nini? Ukumbi wa mtaa ulio juu ya kimo cha maji ni mali. Msikiti, kanisa na shule yenye ghorofa ni mali. Zahanati, kisima, bomba lisilokatika, uwanja mkavu, njia ya kupitia wakati daraja limefunikwa, yote hayo ni mali. Lakini watu nao ni mali. Yuko muuguzi aliyestaafu. Yuko fundi wa umeme ajuaye mahali pa kukata waya kabla maji hayajaugusa. Wako vijana wa mikokoteni, ambao kwa safari moja waweza kubeba magodoro ya kaya tano. Wako waendesha bodaboda wajuao vichochoro gizani. Tena chama hiki kina mali ambayo vyama vingi vya Nairobi havina: wamo wanachama waliolelewa ufukoni na mtoni, waogeleao, wajuao kushika kafi na kusoma mkondo. Wameandikwa wapi? Hawajaandikwa popote. Maji yakija, kila mmoja ataokoa alivyoweza, naye hatajua kwamba nyumba ya nne kutoka kwake palikuwa na mtu wa kuokolewa.

Nitoe mfano wa Pwani. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wenyeji walikuwa na mikoko, na kwa miaka mingi mikoko ilionekana kuwa kuni na boriti. Walipoihesabu na kuipima kwa msaada wa wataalamu, waliona kwamba ni ukuta unaovunja nguvu za mawimbi, ni malezi ya samaki, na ni ghala la hewa ya kaboni ambalo watu wa mbali wako tayari kulilipia likitunzwa. Tangu mwaka 2013 kazi hiyo, iitwayo Mikoko Pamoja, hutunza hekta 117 za mikoko, na fedha zake zimesaidia maji na shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Hiyo ni Makongeni ya Kwale, si Makongeni yetu hii ya reli. Mikoko ilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezeka ni daftari.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao watupa funzo. Mwezi wa Desemba 2011 bonde la Msimbazi na mitaa ya chini ilifurika, na watu wapatao 40 wakafa. Mwaka 2015 ilianza kazi iitwayo Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wenyeji waliingia mtaa kwa mtaa, katika Tandale na kwingineko, wakaandika nyumba, njia na mitaro, na wakawauliza wakazi maji hufika wapi. Walichora juu ya ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu katika intaneti, ambayo mtu yeyote aweza kuisoma na kuisahihisha. Hapa kwetu vijana wa Kibera walikwisha kufanya kazi ya namna hiyo mwaka 2009, wakati mtaa wao ulipokuwa kama mahali patupu katika ramani nyingi, na baada yao wakaja vijana wa Mathare. Basi hatuombi jambo geni. Twaomba kufanya kwa utaratibu wetu jambo ambalo majirani zetu wamekwisha kulionyesha.

Namna ya kuifanya kazi

Kazi yenyewe si ngumu, ila yahitaji uaminifu.

Kwanza, kila tawi lipate ramani ya mtaa wake, iwe kubwa kiasi cha kutandikwa juu ya meza mbili. Ramani ya msingi yaweza kuchapishwa kutoka katika ile ramani ya wazi niliyoitaja. Wenyeji waisahihishe, kwa maana vichochoro vingi havimo, na majina mengine yameandikwa kwa makosa.

Pili, watembee kwa miguu kando ya mto na mitaro yote. Wasiende vijana peke yao. Waende na mzee mmoja na mama mmoja, kwa kuwa mzee hukumbuka mwaka, na mama hukumbuka maji yalifika kwenye rafu gani ya vyombo. Mahali pa kila alama waulizwe watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, ili asiwepo wa kufuata maneno ya mwenzake. Kimo kipimwe kwa futi ya fundi. Pasipo na alama ukutani, mwili wa mtu utatosha: kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua. Na kila kipimo kiandikiwe mwaka wake, maana maji ya mwaka 1997 siyo ya mwaka 2024, na mto uliojengewa ukuta upande mmoja huhamia upande wa pili.

Tatu, ziandikwe mali zote, pamoja na mambo madogo ambayo hukata shauri siku ya shida. Haitoshi kuandika kwamba ukumbi upo. Ufunguo wake uko kwa nani usiku wa manane? Una vyoo vingapi? Mtu wa kiti cha magurudumu aweza kuingia? Daraja dogo la mbao litapitika maji yakifika magotini?

Nne, waandikwe watu. Wazee wakaao peke yao, wagonjwa wasioinuka, wajawazito, mama wenye watoto wachanga, walemavu, na wale wanaofanya kazi ya usiku na kuacha watoto nyumbani. Mbele ya kila jina liandikwe jina la jirani aliyekubali kumwendea, na jina la pili iwapo wa kwanza hayuko. Jina la mhitaji lisilo na jina la mwokoaji mbele yake ni huzuni tu. Huko Mukuru, wakazi walipojipanga kwa ajili ya mpango wa mtaa wao, walianza kwa makundi ya kaya kumi. Hesabu hiyo yatufaa. Mtu mmoja hawezi kujua hali ya kaya mia, lakini kaya kumi aweza.

Tano, chama kitunze nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati za mashamba kwa kila mwanachama atakaye. Maji huchukua karatasi kwanza, na mtu asiye na karatasi hupata taabu ya pili baada ya ile ya maji.

Hofu ya kuandikwa

Sasa nafika mahali pagumu, wala sitaki kupapita haraka. Wazee wangu, najua baadhi yenu hamlipendi neno orodha. Mna haki. Nchi hii iliwavika Waafrika kipande shingoni tangu mwaka 1920, nacho kilikuwa orodha. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji huu, wakaingia mitaa hii ya mashariki, wakawachambua watu nyumba kwa nyumba, na maelfu wakapelekwa kizuizini, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru waliokuwa majirani zetu. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya orodha. Mwaka 1990 kijiji cha Muoroto, hapa karibu na stesheni ya mabasi ya Machakos, kilivunjwa juu ya vichwa vya wakazi wake. Hata wale waliojihesabu wenyewe hawakusalimika siku zote: Mukuru ilitangazwa kuwa eneo la mpango maalumu mwaka 2017, na hata hivyo mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kwa ajili ya barabara. Kwa hiyo mtu akikataa kuandikwa, tusimwite mjinga. Amejifunza kwa gharama kubwa.

Lakini tujiulize swali hili: kutoandikwa kulimsaidia nani? Muoroto haikuwa na ramani, nayo ilivunjwa. Mwaka 2024 wengi wa wale waliobomolewa hawakuwa katika orodha yoyote. Tingatinga halikuwakosa, msaada ndio uliowakosa. Basi tatizo si kuandika. Tatizo ni nani anaandika, anaandika nini, na daftari hulala katika kabati la nani.

Ndiyo maana napendekeza tuwe na vitabu viwili, visichanganywe kamwe.

Kitabu cha kwanza ni ramani ya wazi. Humo mna njia, mitaro, madaraja, kumbi, zahanati, visima, na vimo vya maji kwa miaka yake. Hamna jina la mtu hata mmoja. Ramani hii ibandikwe ukutani, ipelekwe kwa diwani, kwa chifu na kwa ofisi ya Kaunti, na yeyote atakaye aisome. Ina nguvu kuliko malalamiko. Amri ya mita 30 hupimwa kwa kamba, lakini maji hayaijui kamba hiyo. Mahali pengine ukingo ni mrefu, na maji hayajapata kupanda hata mita 15. Mahali pengine pametandaa, na maji hupita mita 60 hadi ndani ya madarasa. Tukiwa na vimo vilivyoshuhudiwa na watu watatu kila mahali, twaweza kusimama mbele ya maofisa tukasema: hapa mtaro upanuliwe, hapa daraja liinuliwe, na hapa watu wapewe mahali pengine kabla ya kuvunjiwa.

Kitabu cha pili naomba tukiite daftari la amana. Humo mna majina ya wagonjwa, wazee, wajane, na namba za simu. Habari hizo si mali ya chama. Ni amana, na mwenye amana ni yule aliyeitoa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo yasema kwamba habari za mtu zisichukuliwe wala kutumiwa ovyo ovyo. Hakuna atakayeandikwa bila kukubali, na atakayetaka kufutwa afutwe siku hiyo hiyo. Daftari hilo litunzwe na watu watatu katika kila tawi, mmoja wao awe mwanamke. Lisipigwe picha, lisipelekwe katika kundi la WhatsApp, lisipewe mgombea wa uchaguzi, wala mwenye nyumba, wala ofisa yeyote, pasipo idhini ya wenyewe. Mwaka ukiisha lihakikiwe upya, na la zamani lichomwe mbele ya mashahidi.

Na jambo la mwisho katika habari hii. Ramani ya kweli haitampendelea mtu. Wamo miongoni mwetu wanachama wenye vyumba vya kupangisha ukingoni mwa mto, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayosomesha watoto wao. Ramani itaonyesha kwamba vyumba vingine haviwezi kulaliwa na mtu wakati wa masika. Tusije tukafuta alama hizo kwa kuoneana haya. Ikiwa tutawaambia maofisa ukweli wa mitaro yao, hatuna budi kujiambia ukweli wa vyumba vyetu.

Kwa ndugu walioko nyumbani

Daftari letu lisiishie Nairobi. Wapokomo wakaao kandokando ya Tana waliyajua maji ya mto wao tangu kale: maji hayo huleta udongo mpya wa kulimia mpunga na ndizi, na bila hayo hakuna mavuno. Kwa hiyo ndugu wa kule hawatuombi tuyazuie maji. Wataka kujua mapema kiasi chake. Kule Ozi, karibu na mlango wa mto, taabu ni ya namna nyingine: mto ukipungua maji ya chumvi hupanda na kuharibu mashamba. Kijiji kama hicho chahitaji alama mbili katika ramani yake, moja ya maji matamu yazidipo na nyingine ya maji ya bahari yaingiapo.

Sisi wa Nairobi twaweza kuwa kiungo. Habari za mabwawa na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa hutolewa huku, kwa Kiingereza mara nyingi, na hufika vijijini zikiwa zimechelewa au zimegeuka uvumi. Kila tawi lichague watu wawili wa kuzisoma, kuzieleza kwa Kiswahili rahisi, na kuzipeleka kwa simu kwa mtu mmoja aliyekubaliwa katika kila kijiji. Naye aseme amepokea. Habari isiyojibiwa ihesabiwe haijafika.

Maombi yangu kwa mkutano

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa mapendekezo manne, nayo naomba yajadiliwe leo kabla ya hesabu za fedha.

Moja, kila tawi lianze ramani ya wazi mara baada ya mkutano huu, na kazi ya kutembea mtoni iwe imekwisha kabla ya mvua zijazo.

Mbili, mkutano upitishe kanuni ya daftari la amana kama nilivyoieleza, iandikwe katika katiba ya chama, ili isibadilishwe na halmashauri peke yake.

Tatu, fungu dogo la fedha litengwe kwa ajili ya kuchapisha ramani, kununua tochi, kamba na filimbi, na kuwalipia nauli watakaokwenda Tana na Sabaki kuanzisha kazi hiyo pamoja na wenyeji. Nasema pamoja na wenyeji, kwa sababu sisi tukienda kuwachorea, tutakuwa tumewafanyia yale yale tuliyokuwa tukifanyiwa.

Nne, kila mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, tawi lifanye jaribio. Filimbi ipulizwe usiku, na kila jirani aende kwa mtu wake. Tutaona ni nani amefika na kwa muda gani, na ni ufunguo upi haukupatikana. Afadhali tuone aibu hiyo usiku mkavu.

Haya yote hayahitaji utajiri. Yahitaji kila mmoja alete kidogo alicho nacho, kwa maana kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wazee watuletee kumbukumbu zao, akina mama ujuzi wao wa nyumba na wakazi wake, vijana miguu na simu zao, na wenye vyumba ukingoni watuletee ukweli. Watunzaji wa amana watachaguliwa na ninyi wenyewe, kwa hiyo nawasihi mwangalie sana mtakaowachagua.